Kwa nini Ethiopia huadhimisha ukombozi wake tarehe 5 Mei na si 6 Aprili

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa askari wa keya. Alitusimulia mara nyingi kwamba wao ndio waliotangulia kuingia Addis Ababa, mwezi wa nne mwaka 1941, Waitaliano wakasalimu amri. Mwaka jana nilikuwa Addis kikazi, nikakuta tarehe 5 Mei ni sikukuu: wazee wenye medali, mashada ya maua, watu wakiimba barabarani. Nikaambiwa ni siku ya ushindi dhidi ya Italia. Shuleni tulifundishwa kwamba Ethiopia haikutawaliwa. Sasa ilikombolewa kutoka kwa nani? Na kama kina babu waliingia Aprili, mbona sherehe ni Mei, na mbona sikusikia mtu akiwataja? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Babu yenu alisema kweli, na wenyeji wako wa Addis nao walisema kweli. Tarehe 6 Aprili 1941 mji ulikabidhiwa kwa jeshi lililotoka Kenya, na mbele yake ilikuwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni tatu za King's African Rifles (KAR), ndio hao keya: ya 5 kutoka Kenya, ya 1/1 kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na ya 1/6 kutoka Tanganyika. Mfalme Haile Selassie hakuwepo. Aliingia mji wake mkuu mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Mei, na hiyo ndiyo siku iliyowekwa kuwa ya taifa. Nchi iliyokombolewa kwa msaada wa majeshi ya wengine ina siku nyingi za kuchagua, na kila siku ina mkombozi wake. Ukiijua siku waliyoichagua, umejua wanamtaja nani kuwa ndiye aliyewakomboa. Kwa hiyo swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, nami nitalifikia, ila kwanza tumalize lile la shuleni.

Mwalimu wako alikuwa na Adwa akilini. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Mfalme Menelik II yalilishinda jeshi la Italia kwenye milima ya Adwa, na Ethiopia ikabaki huru wakati Afrika karibu yote ilikuwa imekwisha kugawanywa. Italia haikuisahau aibu ile. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea, safari hii yakiwa na ndege za kivita na gesi ya sumu, silaha ambayo Italia yenyewe ilikuwa imetia saini mkataba wa kuikataza. Gesi ilimwagwa kutoka angani juu ya wapiganaji, vijiji na mito ya kunywesha mifugo. Vita kubwa ya mwisho, ya Maychew, ilipiganwa 31 Machi 1936, na Mfalme akashindwa. Tarehe 2 Mei alipanda treni kwenda Djibouti, na tarehe 5 Mei Marshali Badoglio, kamanda wa Waitaliano, akaingia Addis Ababa. Siku nne baadaye Mussolini alitangaza kwamba Italia sasa ni himaya, na Ethiopia ikaunganishwa na Eritrea na Somalia kuwa Afrika Mashariki ya Kiitaliano.

Ishike tarehe hiyo, 5 Mei 1936, tutairudia.

Waethiopia wengi watakuambia kwamba huko kulikuwa kukaliwa kimabavu wakati wa vita, na hawakubali kuhesabiwa pamoja na nchi zilizofanywa makoloni. Nakubaliana nao, na sababu yangu ni ya kijeshi. Italia ilishika miji, barabara na ngome. Mashambani na milimani vita haikusimama hata mwaka mmoja. Wapiganaji walioitwa arbegnoch, yaani wazalendo, waliendelea kuvizia misafara na kushambulia ngome huko Shewa, Gojjam na Begemder. Ras Abebe Aregai alipigana Shewa, karibu na mji mkuu wenyewe, kwa miaka yote mitano. Belay Zeleke, ambaye hakuwa mtoto wa ikulu, alijijengea jeshi huko Gojjam. Shewareged Gedle, mwanamke, alikamatwa, akapelekwa kifungoni Italia, akarudi, akaendelea na mapambano. Nchi ambayo adui hawezi kusafiri usiku bila kusindikizwa na vifaru haijatawaliwa bado.

Gharama yake ilikuwa ya kutisha, na huwezi kuielewa sherehe uliyoiona bila kuijua. Mwezi Julai 1936 Askofu Petros alipigwa risasi hadharani mjini Addis kwa kukataa kuwalaani wapiganaji. Tarehe 19 Februari 1937, inayoangukia 12 Yekatit kwa kalenda ya Ethiopia, Rodolfo Graziani, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia, alikuwa akigawa sadaka kwa maskini katika ikulu ya Gennete Leul. Vijana wawili wenye asili ya Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walimrushia mabomu ya mkono. Graziani alijeruhiwa lakini hakufa. Kwa siku tatu zilizofuata wanamgambo wa Mussolini walioitwa mashati meusi, askari na raia wa Kiitaliano waliachiwa mji: watu walipigwa kwa majembe na marungu, nyumba za nyasi zikachomwa na wenyewe wakiwa ndani. Serikali ya Ethiopia baada ya vita ilitaja watu 30,000 waliouawa, na utafiti wa miaka ya karibuni umekadiria kama 19,000. Mwezi Mei wa mwaka huohuo zamu ilikuwa ya monasteri ya Debre Libanos, ambako watawa, mashemasi na mahujaji waliuawa kwa amri ya Graziani, akituhumu kwamba waliwasaidia wale vijana wawili.

Hakuna Mwitaliano aliyewahi kufikishwa mbele ya mahakama kwa mauaji hayo. Graziani alihukumiwa kwao mwaka 1950 kwa kushirikiana na Wajerumani, akaachiwa baada ya miezi michache. Mwaka 2012, katika mji mdogo wa Affile ulio jirani na Roma, walimjengea mnara wa heshima. Unapoona mzee wa Addis akilia siku ya kumbukumbu, usidhani analilia mambo ya kale.

Sasa twende kwenye ukombozi. Italia ilijiunga na vita upande wa Ujerumani tarehe 10 Juni 1940, na hapo ndipo Uingereza, iliyokuwa imeutambua utawala wa Italia juu ya Ethiopia mwaka 1938, ilipomhitaji tena Haile Selassie. Alichukuliwa kutoka uhamishoni mjini Bath, akapelekwa Khartoum. Mapema mwaka 1941 mashambulizi yalikuja kutoka pande tatu. Kutoka Sudan, Jenerali Platt wa Uingereza aliingia Eritrea na kupigana Keren hadi mwishoni mwa Machi, vita ngumu kuliko zote za kampeni hiyo, iliyobebwa kwa kiasi kikubwa na askari wa Kihindi. Kutoka Kenya, Jenerali Cunningham, Mwingereza pia, aliongoza jeshi la Waafrika Mashariki, Wanigeria, watu wa Gold Coast (Ghana ya leo) na Waafrika Kusini: Kismayu 14 Februari, Mogadishu 25 Februari, Jijiga katikati ya Machi, Harar 26 Machi, kisha mto Awash na Addis. Karibu kilomita 2,700 kwa siku 53. Hiyo ndiyo safari ya babu yenu, na wanahistoria wa kijeshi bado wanaistaajabia. Upande wa tatu, wa magharibi, Mfalme mwenyewe alivuka mpaka tarehe 20 Januari akiwa na kikosi kidogo kilichoongozwa na ofisa wa Uingereza, Orde Wingate, wakapanda milima ya Gojjam wakisaidiana na wazalendo waliowakuta huko.

Jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: wepesi wa jeshi lile kutoka Kenya hauelezeki bila wazalendo. Waitaliano walikuwa na maelfu ya askari waliofungwa kulinda ngome na barabara za ndani, na hawakuweza kuwaondoa kwenda kumkabili Cunningham kwa sababu wangewaachia wapiganaji nchi nzima. Nalo jeshi la wazalendo lisingeweza kuzivunja ngome kubwa bila mizinga na ndege. Kila upande ulihitaji mwenzake, na ndiyo maana ubishi wa nani hasa aliikomboa Ethiopia haujaisha miaka zaidi ya themanini.

Siku ile ile ya 6 Aprili, askari wa keya walipoingia Addis, Haile Selassie aliingia Debre Markos, mji mkuu wa Gojjam, kama kilomita 300 kutoka hapo. Alitaka kuendelea mara moja. Waingereza walimzuia. Sababu waliyoitoa ilikuwa usalama wa maelfu ya raia wa Kiitaliano waliobaki Addis, kwamba Mfalme akiingia watu watalipiza kisasi. Huenda waliamini hivyo. Lakini katika zile wiki nne Waingereza walisimika utawala wao wa kijeshi, na Mfalme alikaa milimani akisubiri ruhusa ya kuingia nyumbani kwake. Hatimaye aliondoka, akateremka kutoka Entoto na kuingia mjini tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Badoglio. Wingate alitangulia akiwa juu ya farasi mweupe. Kando ya barabara walisimama wapiganaji wa Ras Abebe Aregai, nywele zao zikiwa ndefu kwa miaka ya msituni, na inasimuliwa kwamba wengi walilia. Katika hotuba yake Mfalme aliwaambia watu wake kwamba siku hiyo ni mwanzo wa zama mpya, akawasihi wasilipe ubaya kwa ubaya na wasiwaguse Waitaliano. Wakamsikia. Baada ya 12 Yekatit, baada ya Debre Libanos, kisasi kikubwa kilichohofiwa hakikutokea. Kama ningetakiwa kutaja jambo moja linalostahili kuadhimishwa katika siku hiyo, ningetaja hilo.

Unaona sasa kwa nini ni Mei. Tarehe hiyo inaifuta ile ya 1936: siku adui aliyoingia ndiyo siku mwenye nchi aliyorudi. Kwa kalenda yao ni 27 Miyazia, na mwaka wao ulikuwa 1933. Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa sana majukwaani. Kuichagua 6 Aprili kungekuwa kukiri kwamba ukombozi uliletwa na jeshi la Mwingereza, na mwaka 1941 hilo lilikuwa suala la kufa na kupona. Maofisa wa Uingereza waliiendesha Ethiopia kama nchi ya adui iliyotekwa. Mkataba wa Januari 1942 ulimrudishia Mfalme mamlaka kwa sehemu, ukaacha washauri, fedha na reli chini ya mkono wa Waingereza. Mkataba wa Desemba 1944 ulilegeza kamba. Ogaden, upande wa mashariki unaopakana na Somalia, haikurudi hadi 1948, na eneo la Haud la huko huko hadi 1954. Kwa miaka hiyo yote, kila sherehe ya 27 Miyazia ilikuwa tamko la kisiasa mbele ya mabalozi: uhuru wetu ulirudi siku bendera yetu na mfalme wetu waliporudi, hakuna aliyetupa. Nadhani walikuwa sahihi kabisa. Nchi ndogo isiyojitungia kumbukumbu yake hutungiwa na wakubwa, na kilichofuata kutungwa ni mipaka.

Kisha ikaja 1974. Kamati ya wanajeshi, Derg, ilimpindua Haile Selassie mwezi Septemba mwaka huo, na haikutaka sikukuu ya taifa iendelee kuwa siku ya kurudi kwake. Sherehe ikahamishwa hadi 6 Aprili, 28 Megabit. Serikali iliyohubiri kupinga ubeberu ikaondoa siku ya mfalme na kuweka mahali pake siku ambayo majenerali wa Uingereza walikabidhiwa mji. Sidhani walilikusudia hilo. Walitaka ukombozi wa umma usio na mfalme, lakini kalenda haikuwa na siku ya namna hiyo, kwa sababu wazalendo walikomboa wilaya moja moja, kwa nyakati tofauti, bila siku moja ya kupigia picha. Derg ilipoanguka mwaka 1991 sherehe ilirudishwa 5 Mei, na hapo ipo mpaka leo. Jina lake pia limeegemea upande unaostahili: ni Siku ya Ushindi wa Wazalendo.

Ulichokiona mtaani ndicho kiini chake. Asubuhi watu hukusanyika Arat Kilo, penye mnara uliosimamishwa kwa ajili ya ushindi huo, na mashada huwekwa na viongozi wa nchi na wa mji. Lakini macho ya watu huwa kwa wazee wa chama cha wazalendo wa kale. Wanavaa kaki, medali kifua kizima, wengine kilemba cha manyoya ya simba, ngao na mkuki mkononi. Huimba majigambo ya vita, mmoja akiruka mbele kutaja aliyemwua na mahali alipomwulia, wengine wakimwitikia. Waliopigana kweli wamebaki wachache mno, kwa hiyo siku hizi wengi unaowaona ni wana, mabinti na wajukuu waliovaa medali za baba zao. Wapo wanaolalamika kwamba hayo ni maigizo. Mimi naona ni urithi halali, mradi mtoto aseme wazi medali ni ya nani.

Ukirudi Addis, panda kutoka Arat Kilo hadi Sidist Kilo, si mbali. Hapo pana mnara wa wahanga wa 12 Yekatit, uliojengwa mwaka 1955 na kuchongwa na wachongaji wa Yugoslavia, Antun Augustinčić na Frano Kršinić. Michoro ya shaba iliyouzunguka haimfichi mtazamaji kitu: maiti, moto, wanawake wakivutwa. Siku yao hukumbukwa peke yake, mwezi Februari, bila majigambo wala ngoma. Nawasifu Waethiopia kwa kuitenga siku ya waliouawa na siku ya walioshinda, kwani mataifa mengi huwachanganya, na mara zote anayepotea ni yule aliyekufa bila bunduki mkononi. Ng'ambo ya mnara ni chuo kikuu, ile ikulu ya Gennete Leul yenyewe. Ndani ya ua wake Waitaliano walijenga ngazi ya saruji inayopanda kwenda juu bila kufika popote, kila kidato kikiwa mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini tangu 1922. Waethiopia hawakuivunja. Waliweka simba wa Yuda juu ya kidato cha mwisho. Sijaona jibu lililo bora kuliko hilo kwa jengo la mvamizi.

Pia usiache Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, penye makaburi ya wazalendo na ya Sylvia Pankhurst, Mwingereza aliyeipigania Ethiopia kwa kalamu tangu siku za uvamizi. Haile Selassie mwenyewe alizikwa humo upya mwaka 2000. Nguzo ya Axum, yenye urefu wa mita 24, iko mbali zaidi kaskazini: Italia iliichukua mwaka 1937, ikaahidi kwa mkataba wa 1947 kuirudisha, na ikairudisha mwaka 2005, vipande vitatu ndani ya ndege. Ilisimamishwa tena 2008. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi kati ya ahadi na utekelezaji.

Ukiwauliza vijana wa Addis, wengi watakuambia sikukuu yao kubwa ni Adwa. Ni kweli, na jumba jipya la kumbukumbu ya Adwa lililofunguliwa mwaka 2024 katikati ya mji limeikuza zaidi. Ushindi wa siku moja, chini ya Menelik na mkewe Taytu, ni mwepesi kuupenda. Ukombozi wa 1941 una maswali yanayouma. Je, Mfalme alipaswa kuondoka? Wako wazalendo waliosema mpaka kufa kwao kwamba mfalme hukaa na jeshi lake, na wako wanaojibu kwamba bila sauti yake mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva, tarehe 30 Juni 1936, dunia ingekwisha kuisahau Ethiopia. Halafu liko suala la banda, yaani wenyeji walioutumikia utawala wa Italia. Baada ya vita serikali ilihitaji watu waliosoma na wenye uzoefu wa ofisi, na baadhi ya banda walipata vyeo huku waliotoka msituni wakirudi kwenye mashamba yaliyoungua. Belay Zeleke, yule shujaa wa Gojjam, alinyongwa mjini Addis mwaka 1945 kwa uasi dhidi ya serikali ya Mfalme. Leo picha yake inabebwa kwenye maandamano ya 27 Miyazia. Taifa limemrudisha, lakini siku ile yenyewe, wakati wa hotuba, sehemu hiyo ya habari yake huachwa.

Na Eritrea, ambako wale vijana wawili wa mabomu walitoka, ina kumbukumbu yake nyingine kabisa: siku yake ya ukombozi ni 24 Mei, kwa ajili ya mwaka 1991, na aliyeondoshwa siku hiyo ni Ethiopia.

Sasa kuhusu babu yenu kutotajwa. Sababu ya kwanza umeshaiona: simulizi la taifa linamweka mzalendo na mfalme katikati, na askari wa Cunningham, hata akiwa Mwafrika, alikuja chini ya bendera ya Mwingereza aliyekuwa akinyang'anyana mamlaka na Mfalme. Sababu ya pili inauma zaidi, nayo ni yetu wenyewe. Nani huku kwetu anamkumbuka? Baada ya Addis, batalioni ya 1/6 ya Tanganyika ilivuka mto Bilate huko Colito tarehe 19 Mei 1941 mbele ya vifaru vya Italia. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, uliotolewa kwa vita hiyo alipewa Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya aliyepanda juu ya kifaru kwa bastola akafa hapo, na ushujaa wake hauna shaka. Lakini majina ya Watanganyika waliokuwa naye mtoni hayajaandikwa kwenye kitabu chochote cha shule. Mwezi Novemba makeya walipanda milima ya Gondar, na ngome ya mwisho ya Italia ikaanguka tarehe 27. Kisha wakapelekwa Madagascar, kisha Burma. Walipotawanywa walirudi kwenye nchi ambazo wao wenyewe hawakuwa na kura, ilhali walikuwa wamekomboa mji mkuu wa watu weusi waliokuwa huru. Sikukuu zetu za mashujaa zilipoundwa ziliwahusu waliopigana na Mwingereza, na ni haki yao. Askari aliyepigana chini ya Mwingereza hakupata pa kuwekwa, ingawa wapo kati yao ambao hawakuwa na hiari walipoandikishwa.

Kwa hiyo nisingewadai Waethiopia kwanza. Ningeanza na Nairobi. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road ipo Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, yenye majina ya waliokufa kwenye safari ile ya Somalia na kusini mwa Ethiopia na ambao makaburi yao hayajulikani. Wengine wamelala katika makaburi ya vita yaliyoko Addis Ababa kwenyewe, na ukienda tena, hakuna anayekuzuia kuweka ua pale asubuhi ya 6 Aprili. Ubalozi wa Kenya na wa Tanzania ungeweza kufanya hivyo kila mwaka, kwa shada moja, bila kugusa sherehe ya wenyeji. Sielewi kwa nini haiwi desturi.

Kuhusu kutafuta habari zake, anza na vitu vilivyobaki nyumbani. Tafuta nyota ya shaba yenye ncha sita, iliyoandikwa THE AFRICA STAR, utepe wake ukiwa wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati. Waliopigana Ethiopia, Somalia na Eritrea kati ya 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941 walistahili kuipata. Usivunjike moyo ukikuta haina jina, kwa sababu nyota hizo zilitolewa bila kuchongwa jina la mtu. Waliopigana Afrika Kaskazini nao walipewa nyota hiyohiyo, kwa hiyo peke yake haithibitishi Addis. Kinachothibitisha ni batalioni. Waulize wazee wa ukoo kama aliwahi kutaja namba. Akisema ya tano, hiyo ndiyo batalioni ya Kenya iliyokuwa katika Brigedi ya 22, na maneno ya babu yenu yanakaa mahali pake. Kama kuna kitabu cha malipo au cheti cha kuachishwa jeshi, namba yake ya utumishi iko humo, na ndiyo utakayoitaja ukiwaandikia watunza kumbukumbu wa jeshi Uingereza au Nyaraka za Taifa Nairobi. Orodha za makaburi ya vita zina waliokufa tu, na yeye alirudi, kwa hiyo humo usimtafute. Na kama bado yuko shangazi au mjomba anayeyakumbuka masimulizi yake, mrekodi mwezi huu, na umwulize hasa majina ya wenzake ambao hawakurudi.